Mgongo wa Mandolini

Mliniacha wiki iliyopita nikiwa nimepiga magoti karakanani, naokota vipande vya mandolini ya marehemu kaka yangu. Niliitundika karibu na jiko la kuchemshia gundi, joto likaifumua yote. Seremala wa miaka thelathini, nikasahau kwamba gundi na moto havipatani.

Mandolini, kwa asiyeijua, ni ala kama gitaa dogo lenye nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili. Kaka alimpigia mama kila Jumapili kabla ya sala. Kaka ametutoka miezi mitatu sasa. Mama haoni, macho yalimwishia miaka mingi iliyopita. Anaishi na shemeji yangu, mjane wa kaka, katika nyumba ile ile yenye karakana yangu kwa mbele.

Baada ya mazishi mama aliniomba jambo moja tu. Nijifunze ule wimbo mmoja, nimpigie.

Nilijifunza. Kisha nikaivunja ala yenyewe.

"Usinililie," alisema mama. "Kalete nyingine. Kesho kutwa Jumapili, nataka kuisikia humu ndani."

Akiba yangu ilitosha mandolini ya bei nafuu, basi. Na ala ya bei nafuu ni kama mchumba wa kwenye picha: unavutiwa, unakubali, ukishafika naye nyumbani ndipo unagundua ana kigugumizi.

Kwa hiyo jioni ile ya Ijumaa nililipeleka jambo hilo darasani.

Nasoma masomo ya jioni. Nina miaka hamsini na mitatu na kusoma nimejua juzi juzi. Wenzangu wananiita Babu Kalamu. Sioni haya. Kila ninaposoma maneno kwenye kopo la rangi, namshukuru Mungu. Mwalimu wetu hupiga mandolini kwenye bendi ya harusi, na zoezi la wiki hiyo lilikuwa kuandika orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kununua kitu.

"Babu Kalamu, wewe andika ya mandolini," alisema. "Mimi nataja, wewe unaandika. Na usiniletee mwandiko wa kuku."

Niliandika ukurasa mzima. Ninao hadi leo, na siwezi kuutazama.

Jumamosi asubuhi nilisali kabla ya kutoka. Nayakumbuka maneno yenyewe. "Ee Mungu, nipe macho ya kuona kasoro iliyofichika."

Ndugu zangu, angalieni mnachoomba. Mungu hujibu, na hajibu nusu.

*

Duka lilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Vumbi la unga lilitanda kila mahali. Mandolini zilitundikwa kwa shingo kwenye waya mmoja mrefu, kumi na moja, zikitikisika zote pamoja kila kinu kiliponguruma.

Sikupenda zilivyoning'inia.

Fundi alikuwa mtu mnene, miwani imefungwa kwa uzi, penseli sikioni kama yangu. Nilitoa ukurasa wangu, tochi, na kipande cha kioo nilichokibandika kwenye kijiti. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mzee, umekuja kununua au umetumwa kunikagua?"

"Kununua. Lakini nimesoma."

"Haya, msomi. Karibu."

Nilianza kusoma kwa kidole. "Moja. Tazama shingo." Nikafumba jicho moja, nikaichungulia mandolini ya kwanza kwa urefu, kama ninavyochungulia ubao kabla ya kuupiga randa. Ilikuwa imepinda kama upinde.

"Hii imeinama," nikasema.

"Ina adabu hiyo. Inawaamkia wateja."

Nikairudisha. Ya pili shingo ilinyooka, ila ukingo wa tundu la sauti ulikuwa na matabaka, kama daftari likitazamwa ubavuni. Plaiwudi, na mistari ya mti imechorwa juu kwa rangi.

"Mti huu umeuchora mwenyewe?"

"Kwani haukupendeza?"

"Umependeza. Ila hautaimba."

Ya tatu nilikandamiza kila uzi kwenye kila chuma kinachokatiza shingo, kimoja baada ya kingine. Kufika cha saba, uzi ukalia kama nyuki kwenye chupa. Nikatikisa kichwa.

Fundi aliacha kucheka. "Kazi yako nini, mzee?"

"Seremala."

"Ungesema mapema, nisingejichosha kukutania." Akaenda mwisho wa waya, akashusha moja nyeusi, isiyo na pambo lolote. "Hii nampa mwenye masikio. Bei ni ile ile. Watu wanaipita kwa sababu haing'ai."

Shingo ilinyooka kama rula. Vifunguo vya kukazia nyuzi vilizunguka laini, bila kuteleza. Nikagusa uzi katikati kabisa, kwenye chuma cha kumi na mbili, kwanza kwa kuugusa tu, kisha kwa kuukandamiza. Mwalimu alisema sauti mbili zikifanana, daraja la nyuzi limekaa mahali pake. Zilifanana.

Ukingo wa tundu ulikuwa ubao mmoja mzima, hauna matabaka.

Mwisho wa ukurasa niliandika: gonga. Nikaugonga mgongo wake kwa kifundo cha kidole, huku nimetega sikio. Ulijibu safi, mkavu, bila kutikisika kwa kitu chochote kilichobanduka. Ubao uliokaushwa vizuri na usiowahi kulowa.

"Asante Mungu," nikasema kwa sauti.

Kisha nikaupapasa.

Katikati ya mgongo palikuwa na mwinuko mdogo wa duara, si mkubwa kuliko ukucha wa dole gumba. Macho hayakuona kitu, vanishi nyeusi ilikuwa nzito mno. Lakini kidole kiliona.

"Hiki nini?"

"Kovu la mti. Halina neno."

"Kovu la mti haliwi duara namna hii."

"Basi ni jipu," akasema fundi. "Mzee, nunua twende."

Mwalimu hakuniandikisha kutazama ndani. Hilo niliongeza mwenyewe, kwa sababu seremala haamini kitu ambacho hajakiona kwa ndani. Nikapenyeza kijiti chenye kioo katikati ya nyuzi, nikawasha tochi.

Niliona duara jeusi. Katikati ya duara, mstari mweupe mwembamba.

Nikaisogeza tochi, nikatazama tena.

Kile kilikuwa kigingi. Kigingi cha mbao nyeusi, kilichokazwa kwa kabari nyeupe. Na aliyekipigilia ni mimi.

*

Niwaeleze.

Asubuhi ya mazishi, mama aliingia karakanani akipapasa jeneza nililomtengenezea kaka. Nilikuwa nimelipiga msasa usiku kucha, kifuniko laini kote kama bakuli.

"Kichwa kiko wapi?" aliniuliza.

Alitaka kuweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe wakati wa sala, na hakuwa na alama ya kumwelekeza. Nikatoboa kifuniko, nikapigilia kigingi cheusi, nikakipasua ncha na kukikaza kwa kabari nyeupe. Kisha nikalichukua dole gumba la mama, nikaliweka juu yake.

"Ni hapa, mama."

Hakuondoa mkono sala nzima.

Jeneza jingine lenye alama kama ile sijalitengeneza, na sijaona fundi mwingine akilitengeneza.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wiki zote hizi nimekuwa nikilizunguka. Mmenihurumia kwa mengi katika kurasa hizi. Hili pengine hamtanihurumia.

Siku ile mvua kubwa ilikatisha mazishi. Wachimbaji walikuwa wamekutana na mwamba, shimo halijafika kina. Watu wakaombwa warudi majumbani. Jeneza likawekwa kwenye banda la makaburini, likafunikwa turubai, lisubiri shimo likamilike. Mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Wewe baki mpaka mwisho. Nataka mtoto wangu amwone mwenzake akifukiwa."

"Nitabaki, mama."

Sikubaki.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa na mtihani wa masomo ya watu wazima, na anayeukosa husubiri mwaka mzima. Mkubwa wa wachimbaji, wanamwita Taratibu kwa sababu hakimbii hata mvua, aliniona naangalia saa.

"Nenda kafanye mtihani wako, mzee," aliniambia. "Huyu hana haraka."

Nilikwenda. Nilifaulu. Cheti kiko ukutani chumbani kwa mama, na yeye hupapasa fremu yake kila asubuhi kwa fahari.

Jioni ile ile aliniuliza, "Uliusikia udongo ukigonga mbao?"

"Niliusikia, mama."

"Ulisikikaje?"

"Kama mvua inayokatika."

Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Tangu siku hiyo nasali kwa kunong'ona, ili mama asisikie ninaomba msamaha wa nini.

*

"Kaa chini, mzee," fundi alisema. "Umekuwa rangi ya majivu."

"Mbao za mgongo huu ulizipata wapi?"

Hakuficha. "Za jeneza. Usinitolee macho, mbao ni mbao. Aliniletea mtu mmoja mfupi, anatembea kama ana kokoto kiatuni. Ukimfukuza na fimbo hakimbii."

Taratibu.

"Alikwambia nini?"

"Kwamba liliagizwa, halafu mgonjwa akapona." Akacheka. "Nikamwambia, basi hizo ndizo mbao za baraka."

"Alikudanganya. Lilifukuliwa hilo."

Hapo fundi alikasirika kweli. Aliinama chini ya meza, akatoa kipande kilichobaki, akanisukumia kifuani. "Mimi sinunui kitu cha kufukuliwa. Wewe si seremala? Nusa!"

Nilinusa. Ubao uliolala ardhini, hata wiki moja tu, hubeba harufu isiyotoka kwa randa wala msasa, na unyevu huacha doa linaloingia mpaka ndani. Kipande kile kilinukia gundi yangu. Kilikuwa cheupe na kikavu vile vile kilivyotoka mikononi mwangu.

Ubao ule haukugusa udongo hata siku moja.

"Alikuletea lini?"

"Siku ya ile mvua kubwa. Nilikuwa nafunga duka. Nasikia kesho yake aliacha kazi, hajaonekana tena."

"Ndani ya jeneza kulikuwa na kitu?"

"Kitu gani?"

"Chochote."

Alivua miwani, akaifuta vumbi la unga, akaivaa tena. "Soksi," alisema polepole. "Soksi moja ya kijivu. Akasema ni ya fundi, alijilaza ndani kupima urefu."

Soksi za kijivu. Nilimvalisha kaka mwenyewe, kwa mikono hii. Zote mbili.

Kinu kilinguruma. Mandolini kumi zikatikisika kwenye waya.

"Chagua nyingine," fundi alisema, sasa kwa upole. "Hata ile yenye adabu nitakunyooshea shingo, bei hiyo hiyo."

Nilitamani. Lakini ningewezaje kumwacha kaka akining'inia pale, asubiri mtu wa kumpigia kwenye harusi?

Nikamlipa, nikaifunga kwenye gunia, nikaondoka.

*

Njia nzima nilijipangia. Nitaingia kupitia karakana. Nitaificha nyuma ya mbao, mahali ambapo hata mimi huwa sifikii. Nitamwambia mama sikupata nzuri. Kisha nitamtafuta Taratibu, hata akiwa amejificha chini ya kitanda cha shetani. Nitamuuliza swali moja tu: ulimtoa kaka yangu kwenye jeneza lake, ukamweka wapi?

Maana kaburi lipo. Kila Jumapili tunakwenda. Lina tuta, lina maua ya shemeji, lina kibao nilichokiandika mimi mwenyewe, jina la kaka, herufi za kwanza nilizowahi kuandika watu wazione.

Nilikuwa nikimwambia Mungu, "Nipe siku mbili tu," nilipofika na kumkuta shemeji amekaa mlangoni mwa karakana, cherehani mbele yake, amejaza njia nzima kwa mapazia ya mteja.

"Shemeji! Hiyo si ndiyo hiyo?"

"Si nzuri. Nairudisha."

"Unairudisha huku unaingia nayo ndani? Lete hapa." Gunia lilikuwa mikononi mwake kabla sijafikiri. "Mama! Imefika! Na Babu Kalamu wako anaona haya kama bwana harusi!"

"Shemeji, nipe."

"Hakupi mtu. Mama amekaa na kitana tangu asubuhi, amechana nywele kwa ajili ya mgeni huyu."

Nilimfuata nikijikwaa kwenye mapazia.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, chini ya cheti changu. Amevaa gauni lake la sala. Alipokea mandolini kwa mikono miwili, akaipakata.

"Nzito kidogo kuliko ile," alisema. "Mbao yenyewe, si karatasi. Umechagua vizuri, mwanangu."

"Mama, ina kasoro. Nitakutafutia nyingine."

"Nani asiye na kasoro?" Akapitisha kidole kwenye nyuzi zote nane. Sauti ilijaa chumba. Shemeji akapiga makofi, akasema anakwenda kuchemsha chai, sherehe haiwi kavu.

Tukabaki wawili.

Mama aligonga uso wa mandolini kwa kifundo cha kidole, kama nilivyogonga mimi. Akatega sikio. Akaigeuza, akagonga mgongo.

Akagonga tena.

Kisha mkono wake ukaanza kutembea. Ulianzia ukingoni, ukapanda polepole. Nilitaka kusali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupata sala.

Dole gumba lilifika katikati. Likasimama.

Uso wa mama haukubadilika. Dole lilizunguka kile kigingi mara moja, mara ya pili, likatulia juu yake vile vile lilivyotulia siku ile, sala nzima.

Kutoka jikoni shemeji alikuwa akiimba.

Mama alinyoosha mkono wa pili hewani mpaka ukanipata. Akalichukua dole gumba langu, akaliweka pale.

"Kichwa ni hapa," alisema.

Nilitaka kuuvuta mkono, akaukaza.

"Uliniambia uliusikia udongo."

"Mama, mimi..."

"Sijakuuliza bado."

Aliilaza mandolini kitandani, akaivutia shuka mpaka shingoni, kama mtu aliyelala. Akapapasa sakafu kwa mguu mpaka akavipata viatu vyake.

Shemeji aliingia na sinia la chai, tabasamu bado usoni. "Mama, unavaa viatu? Unakwenda wapi na chai iko tayari?"

"Kumtazama mume wako," alisema mama. Akanigeuzia macho yake yasiyoona. "Na wewe chukua jembe."